Ardhi ya kando ya vituo vya reli isiuzwe kiholela

Ndugu Mhariri,

Naomba unipatie nafasi katika gazeti lako ili nami nitoe dukuduku langu juu ya ardhi iliyo karibu na vituo vya reli mpya ya umeme. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi katika kijiji kimoja wilayani Kilosa, jirani na kimojawapo cha vituo vilivyo kati ya Morogoro na Dodoma.

Tangu treni ya abiria ianze safari za Dar es Salaam hadi Dodoma, Julai 25, 2024, sisi wananchi wa huku tumefurahi, na hatuna budi kuipongeza Serikali. Lakini pamoja na treni wamekuja pia watu wenye fedha ambao hawakufuata safari bali mashamba yetu.

Mzazi wa mwanafunzi wangu mmoja wa darasa la sita aliuza ekari mbili zilizo hatua chache tu kutoka kituoni. Fedha alizopata alinunua pikipiki ili abebe abiria wanaoshuka kwenye treni. Mwaka haukwisha, pikipiki ikafa. Shamba lenyewe halijajengwa kitu. Limewekwa nguzo za mipaka na kujaa magugu, na mnunuzi yuko mjini anangoja bei ipande. Mzazi yule sasa analima kibarua katika mashamba ya wenzake, na msimu wa kilimo mtoto wake haonekani darasani, maana shamba walilobakiwa nalo liko mbali, ng'ambo ya mto.

Ndugu Mhariri, hapo hakuna aliyeibiwa. Muuzaji aliuza kwa hiari yake. Lakini je, kituo kinachozungukwa na magugu ya walanguzi kitamletea nani maendeleo?

Reli haileti mji kwa kupita tu. Reli ya Kati ilianza kujengwa kutoka Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Morogoro 1907 na Kigoma 1914. Miji kama Dodoma na Tabora ilinufaika kwa sababu maduka, maghala na masoko yalisogea karibu na stesheni. Makambako nayo ulikua mji wa biashara kwa kuwa reli ya TAZARA inakutana hapo na barabara kuu. Huko Hong Kong, shirika la reli la MTR hupewa haki ya kujenga nyumba na maduka juu na kando ya vituo, na sehemu ya faida hurudi kugharimia reli. Maana yake ni kwamba thamani inayoletwa na reli wanaifahamu mapema na kuitunza. Sisi thamani hiyo tunamwachia atakayewahi kufika na fedha taslimu.

Niliwapa wanafunzi wangu hesabu hii. Tuseme shamba linauzwa shilingi milioni mbili mara moja, au linakodishwa shilingi laki tatu kwa mwaka. Baada ya miaka saba kipi ni zaidi? Watoto walijibu upesi kwamba kodi imefika milioni mbili na laki moja, na shamba bado ni la mwenyewe. Ikiwa watoto wa darasa la sita wanaliona jambo hili, sisi watu wazima tunashindwa nini?

Sheria tunazo. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inakataza halmashauri ya kijiji kugawa ardhi bila kibali cha mkutano mkuu wa kijiji. Iko pia Sheria ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi ya mwaka 2007. Kwa hiyo naomba halmashauri za wilaya na Shirika la Reli waketi na vijiji vyenye vituo, na mpango upangwe kabla ardhi haijaisha. Karibu kabisa na kituo pawe na soko, ghala la mazao na maegesho ya magari na pikipiki. Nyumba zifuate, kisha bustani za mboga na mashamba. Mabondeni pasijengwe. Mwishoni mwa 2009 na mwanzoni mwa 2010 mafuriko yaliivunja reli ya zamani kati ya Kilosa na Gulwe, na maji hayo hayajasahau njia yake.

Wapo watakaosema kwamba mwenye shida hangoji mpango, na mgonjwa akiwa kitandani shamba litauzwa. Ni kweli, wala siwalaumu. Nami nakiri kwamba mwaka jana nilikwenda kuulizia kiwanja karibu na kituo. Ndiyo sababu nasema jambo hili tusimwachie mtu mmoja mmoja na shida zake. Kijiji kikisimamia ukodishaji kwa mikataba ya maandishi, mwenye shida atapata fedha bila kupoteza ardhi.

Kilichonisukuma kuandika ni hiki. Sasa yapo maneno kwamba shamba la shule yetu, ambalo mahindi yake ndiyo uji wa watoto, limepata mnunuzi. Shamba hilo halina hati. Jambo hilo litaletwa katika mkutano mkuu ujao. Nitakwenda na nitasimama kulipinga, ingawa baadhi ya wanaolitaka ni watu ninaowaheshimu. Nawaomba wazazi wenzangu waje kwa wingi, na walimu wa vijiji vyote vyenye vituo waulize leo hii kama mashamba ya shule zao yamepimwa.

Treni ikishapita huja nyingine kesho. Shamba likishauzwa halirudi.

Naomba kuwasilisha.

Mwalimu wa Kijijini,
Kilosa, Morogoro.