Fizi: Kwa nini mwanamichezo wa Kivu anaonekana akiisha kukimbia kwao?

Tarehe 31 Oktoba 2026, Dakar, mji mkuu wa Senegal, itafungua michezo ya Olimpiki ya vijana. Itakuwa mara ya kwanza kwa mashindano ya Olimpiki kufanyika katika ardhi ya Afrika. Kwa RDC, tarehe hiyo inakumbusha hesabu chungu: tangu nchi ilipotuma waendesha baiskeli wake Mexico mwaka 1968, haijarudi nyumbani na medali hata moja.

Hata hivyo, historia ya Olimpiki haiko mbali na Fizi na Baraka. Baadhi ya mashujaa wake walizaliwa ng'ambo ya ziwa Tanganyika, wengine Bukavu. Ukiyaweka pamoja matukio yao yanayokumbukwa zaidi, linatoka swali moja linalowahusu vijana wa Kivu ya Kusini leo: je, lazima mtu akimbie kwao ndipo kipaji chake kionekane?

Wa mwisho aliyekumbukwa kuliko wa kwanza

Mexico 1968 ndiko Mtanzania John Stephen Akhwari alikoanguka katika mbio za marathoni na kuumia vibaya goti. Mshindi, Mamo Wolde wa Ethiopia, alikuwa amekwisha kufika zaidi ya saa moja kabla. Giza lilikuwa limeingia na watu wengi wameondoka uwanjani, Akhwari akatokea akichechemea, mguu umefungwa bandeji, akamaliza. Kati ya 75 walioanza mbio, 57 walifika, naye alikuwa wa 57. Leo wengi wanalikumbuka jina lake kuliko la mshindi.

Wakati ule Laurent-Désiré Kabila alikuwa msituni na chama chake cha PRP, katika milima ya Fizi. Vijana wengi wa huko walijua zaidi mlio wa bunduki kuliko bastola ya mwamuzi wa mbio.

1996: mwaka wa dhahabu na wa ukimbizi

Tukio la pili liko karibu zaidi. Vénuste Niyongabo ni mzaliwa wa Vugizo, katika lililokuwa jimbo la Makamba, kusini mwa Burundi, ng'ambo ya ziwa kutoka Fizi. Alikwenda Atlanta mwaka 1996 akiwa mmoja wa wakimbiaji bora duniani katika mita 1500. Lakini mwenzake Dieudonné Kwizera alikuwa amekwisha kukosa Olimpiki kama mkimbiaji kwa sababu Burundi haikuwa na kamati iliyotambuliwa na Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki, CIO. Niyongabo akamwachia nafasi ya mita 1500, yeye akahamia mita 5000, mbio ambazo hakuwa na uzoefu nazo.

Tarehe 3 Agosti 1996 alishinda dhahabu, mbele ya Paul Bitok wa Kenya. Ilikuwa medali ya kwanza ya Burundi, katika Olimpiki yake ya kwanza. Siku tisa kabla, tarehe 25 Julai, jeshi lilikuwa limepindua serikali Bujumbura. Nchi iliyokuwa ikimwaga damu ilipata sababu moja ya kufurahi pamoja.

Zaire nayo ilikuwa Atlanta, na timu ya wanawake ya mpira wa kikapu. Ilikuwa mara ya mwisho kwa jina hilo kuonekana kwenye Olimpiki. Mwezi wa Oktoba vita viliingia Uvira, vikashuka hadi Fizi. Familia zilipanda mitumbwi kuelekea Kigoma, na kambi ya Nyarugusu ikafunguliwa. Mtoto wa Baraka aliyekuwa na umri wa kuanza kufundishwa mbio mwaka ule, alijifunza kupanga foleni ya chakula. Ni mwaka 2005 tu ndipo HCR ilipoanza kurudisha watu kwa meli kutoka Kigoma hadi Baraka.

Popole na Yolande: Wakongomani bila bendera ya Congo

Tukio la tatu ni la watoto wa Bukavu wenyewe. Popole Misenga na Yolande Bukasa Mabika walitenganishwa na familia zao na vita, wakafika Kinshasa, na huko wakajifunza judo. Mwaka 2013 walikwenda Rio de Janeiro kuwakilisha RDC katika mashindano ya dunia. Walieleza baadaye kwamba waliachwa bila hati wala chakula. Hawakurudi, waliomba hifadhi Brazili.

Miaka mitatu baadaye, katika mji uleule, CIO iliunda kwa mara ya kwanza timu ya wakimbizi ya wanamichezo 10. Popole na Yolande walikuwamo. Yolande alishindwa pambano lake la kwanza. Popole alimshinda Avtar Singh wa India, kisha akamkabili bingwa wa dunia, Gwak Dong-han wa Korea Kusini. Alishindwa, lakini uwanja mzima ulikuwa ukimshangilia.

Ni furaha, lakini ni furaha yenye aibu ndani yake. Wanajudo hao walikuwa na kipaji kilekile mwaka 2013 na mwaka 2016. Kilichobadilika ni kwamba walipata kocha, chakula, mahali pa kulala na mtu wa kushughulikia hati zao.

Ngumi zilipokwisha, mkono ukasema

Paris 2024, Marcelat Sakobi alishindwa katika ndondi na Sitora Turdibekova wa Uzbekistan. Kabla ya kutoka ulingoni aliziba mdomo kwa mkono mmoja, na kwa mwingine akaelekeza vidole kichwani kama bunduki. Ishara hiyo ilikuwa imefanywa na Leopards huko Abidjan, mwezi wa Februari, kabla ya nusu fainali ya Kombe la Afrika dhidi ya Côte d'Ivoire. Maana yake ilieleweka: mashariki mwa Congo watu wanauawa, na dunia imenyamaza.

Lakini ishara haikusimamisha vita. Goma ilitekwa na M23 Januari 2025, Bukavu mwezi uliofuata.

Kirotshe ilionyesha njia nyingine

Kuna mfano mmoja unaojibu swali la mwanzo. Makorobondo Salukombo alikimbia vita Kivu ya Kaskazini akiwa mtoto, akapitia Uganda, akakulia Marekani, mjini Cleveland. Alipokuwa mkimbiaji alirudi Kirotshe, kandokando ya ziwa Kivu, akaanza kufundisha vijana mbio. Mwaka 2016 alikimbia marathoni Rio kwa RDC. Beatrice Kamuchanga, mmoja wa aliowafundisha, alikimbia mita 5000 kwenye michezo hiyohiyo. Yeye hakuhitaji kuwa mkimbizi Ulaya ili aonekane. Alihitaji mtu mmoja aliyejua kazi na aliyekubali kukaa naye.

Fizi ina kinachofanana na Kirotshe: milima, barabara za vumbi, watoto wanaotembea mwendo mrefu kwenda shule, na ndugu wengi waliotawanyika Marekani na Ulaya kupitia Nyarugusu. Isichokuwa nacho ni daraja la kuunganisha hayo na Kinshasa. Michezo ya Francophonie ya mwaka 2023 ilileta viwanja vipya, lakini Kinshasa. Mwanamichezo wa Baraka hana barabara ya kumfikisha huko, na mapigano ya Kivu yamezidi kuifunga njia.

Kuna jambo ambalo halihitaji kungoja amani kamili. Sheria za riadha zinaruhusu nchi isiyo na mkimbiaji aliyefikisha kiwango kupeleka angalau mmoja. Nafasi hiyo ipo kila Olimpiki. Swali ni nani anachaguliwa, na anatafutwa wapi. Kama saa ya kupimia mbio haivuki Kinshasa, jibu linajulikana mapema.

Walimu wa michezo wa Mutambala, Tanganyika, Lulenge na Ngandja wanaweza kupima watoto wao na kuandika muda wao. Shirikisho la riadha linaweza kukubali hesabu hizo na kutuma mtu kuzihakikisha. Los Angeles ni Julai 2028. Mtoto wa Fizi mwenye umri wa miaka 15 leo atakuwa na miaka 17, na bado hatakuwa amechelewa, kama kuna mtu atakayekuja kumtazama akiwa bado kwao.