"Haisomi" Si Jibu: Vitenzi vya Kiswahili katika Karakana ya Kompyuta

Utangulizi

Kwa zaidi ya miongo miwili sasa, wataalamu wa Kiswahili wamefanya kazi kubwa ya kuipatia lugha hii istilahi za kompyuta. Mwaka 2004, mradi wa Kilinux katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya kazi za ofisini yenye menyu za Kiswahili. Haukupita muda mrefu, Microsoft nayo ikatoa sura ya Kiswahili ya Windows na Office. Nchini Kenya, vitabu vya shule vilipokea maneno kama vile tarakilishi, kipakatalishi, baobonye na puku, huku wenzetu wa Tanzania wakiendelea na kompyuta na kipanya, na wengine wakipendekeza ngamizi. Wino mwingi umemwagika kuhusu ni neno lipi kati ya hayo linalostahili kutawazwa.

Hata hivyo, katika juhudi zote hizo limebaki pengo ambalo halijapewa uzito unaostahili. Kiswahili cha kompyuta kimejaa nomino, lakini vitenzi vyake ni haba. Kifaa kina jina, pengine majina matatu. Kinapoharibika, hakuna maelezo. Makala haya yanatoa hoja kwamba Kiswahili kinazo tayari nyenzo za kueleza hitilafu ngumu za kompyuta, na kwamba kazi iliyobaki kwa wanafunzi na wahadhiri wa Kiswahili ni kuandika maelezo, si kuongeza orodha za majina. Ili hoja hiyo isibaki hewani, mfano mmoja mgumu umechaguliwa kwa makusudi: kifaa cha USB kinachokataa kufanya kazi ndani ya mashine pepe.

Lugha ya karakana

Miji ya Kitengela na Kajiado imo katika barabara ya Nairobi kwenda Namanga. Kwa mujibu wa sensa ya mwaka 2019, Kitengela pekee ilikuwa na wakazi zaidi ya 150,000, na Kaunti ya Kajiado ilikuwa na zaidi ya milioni moja. Wakazi hao ni Wamaasai wenyeji wa ardhi hiyo pamoja na watu wa jamii nyingi waliohamia kutoka Nairobi na kwingineko. Katika maduka ya kutengeneza simu na kompyuta yaliyopangana kando ya barabara, lugha inayowakutanisha fundi na mteja ni Kiswahili. Fundi huyo, iwapo alipitia chuo cha ufundi, alifundishwa na kutahiniwa kwa Kiingereza. Basi hujifunza hitilafu kwa lugha moja na kuieleza kwa nyingine, na katikati ya lugha hizo mbili hubaki neno moja tu: "Haisomi."

Neno hilo halina kosa lolote la kisarufi. Ni ushahidi wa uhai wa lugha, kwani umma wenyewe, bila kamati wala warsha, ulikipanua kitenzi kusoma ili kihusishe mashine inayotambua kifaa. Flashi haisomi, laini ya simu haisomi, kichapishi hakisomi. Tatizo ni kwamba neno hilo moja hufunika kasoro nyingi zisizofanana. Mwenye duka la dawa au mwalimu mkuu wa shule akiambiwa kwamba skana yake haisomi, hana njia ya kujua kama kilichoharibika ni waya, ruhusa, programu au skana yenyewe. Mara nyingi huishia kununua kifaa kipya ilhali cha zamani ni kizima.

Mwenyeji na mgeni

Mashine pepe ni kompyuta iliyoundwa kwa programu na kuwekwa kuishi ndani ya kompyuta halisi. Fundi huihitaji kwa sababu za kawaida kabisa. Ofisi inaweza kuwa na kompyuta inayotumia Linux, ambayo hailipiwi leseni, ilhali skana yake kuukuu ina programu iliyoandikwa kwa ajili ya Windows XP pekee. Fundi wa simu naye anaweza kuhitaji Windows ili kuweka upya programu endeshi ya simu iliyokwama. Badala ya kununua kompyuta ya pili, huweka Windows ndani ya Linux kwa programu kama VirtualBox, ambayo ilitolewa mara ya kwanza mwaka 2007.

Katika taaluma hii, kompyuta halisi huitwa mwenyeji na mashine pepe iliyo ndani yake huitwa mgeni. Hapa ndipo Kiswahili kinapopata nafasi yake. Jamii yenye methali kama "Mgeni njoo, mwenyeji apone" haihitaji kufafanuliwa kwamba nyumba ni ya mwenyeji, kwamba funguo ziko mikononi mwake, na kwamba mgeni hutumia alichopewa. Hata ngeli husaidia. Tukisema "mwenyeji haoni" na "mgeni hajapokea", upatanisho wa A-WA huzipa mashine nafasi za watendaji wawili, na msikilizaji hufuatilia kifaa kinavyotoka kwa mmoja kwenda kwa mwingine.

Kitendo chenyewe cha kumpa mgeni kifaa ndicho kinachohitaji kitenzi makini. Wapo wanaokiita kupitisha kifaa. Kitenzi hicho ni tafsiri ya neno kwa neno, nacho kinapotosha. Kinachopitishwa kinaweza kudhaniwa kuwa kiko pande zote mbili, kama maji yanavyokuwa katika mfereji mzima. Ukweli ni kwamba kifaa cha USB hushikwa na mfumo mmoja tu kwa wakati mmoja. Mgeni akikipata, mwenyeji hanacho tena. Kitenzi kinachofaa ni kukabidhi. Afisa aliyekabidhi ofisi hafungui tena mlango wake, na kila msemaji wa Kiswahili anajua hivyo. Mwanafunzi aliyefundishwa kwamba flashi imekabidhiwa hashtuki inapotoweka kwenye kiwambo cha mwenyeji. Tena anaelewa kwa nini ni hatari kuikabidhi ilhali mwenyeji angali anaandika faili ndani yake: ni lazima kwanza aiache, ama sivyo data itaharibika.

Kasoro nne, vitenzi vinne

Kwa kuongozwa na kitenzi hicho, ile "haisomi" inaweza kugawanywa katika maswali manne yanayofuatana, na kila swali lina kitenzi chake.

Swali la kwanza ni hili: Je, mwenyeji anakiona kifaa? Katika Linux, amri ya lsusb huorodhesha vifaa vyote vya USB vinavyoonekana, kila kimoja na namba mbili za utambulisho: ya mtengenezaji na ya bidhaa. Ikiwa kifaa hakimo katika orodha hiyo, mashine pepe haina hatia yoyote. Chanzo kitafutwe kwenye waya, kwenye tundu, au kwenye kigawanyo cha matundu kisichotoa umeme wa kutosha. Ni kazi bure kumlaumu mgeni kwa kitu ambacho hata mwenyeji hajakiona.

Swali la pili: Je, mwenyeji anakubali kukikabidhi? Anaweza kukiona lakini akakizuia. Katika Linux, mtumiaji wa VirtualBox lazima awe mwanachama wa kundi linaloitwa vboxusers. Asipokuwa mwanachama, orodha ya vifaa ndani ya VirtualBox huwa tupu hata kama lsusb inavionyesha vyote. Akishaingizwa katika kundi hilo, sharti atoke katika akaunti yake na kuingia upya, la sivyo uanachama hautambuliki. Wengi hukwama katika hatua hii ndogo. Sababu nyingine ni kwamba huenda programu fulani ya mwenyeji ingali inakitumia kifaa. Aidha, zipo kanuni zinazoitwa vichujio, ambazo huamua ni vifaa gani vikabidhiwe mgeni bila kuulizwa. Kichujio kilichoachwa kitupu hulingana na kila kifaa, nacho kinaweza kumkabidhi mgeni hata baobonye na puku, mwenyeji akabaki hana cha kuamrishwa nacho.

Swali la tatu: Je, mgeni anakielewa alichopokea? Kukabidhiwa si kuelewa. Mgeni anahitaji kiendeshi chake mwenyewe cha kifaa hicho. Kilichowekwa kwa mwenyeji hakimsaidii. Vilevile anahitaji kukielewa kidhibiti cha USB alichopewa. Windows XP na Windows 7 hazikuja na kiendeshi cha USB 3.0, Windows 8 ya mwaka 2012 ndiyo iliyokuja nacho. Kwa hiyo mgeni wa Windows XP aliyepewa kidhibiti cha USB 3.0 atakaa kimya, na dawa yake ni kumrudisha kwenye USB 2.0 au 1.1. Kabla ya toleo la 7.0 la mwaka 2022, VirtualBox yenyewe ilitoa USB 1.1 tu hadi kiongezwe kifurushi cha ziada. Miongozo mingi iliyoandikwa kabla ya hapo bado humtuma msomaji kutafuta kifurushi ambacho hakihitaji tena kwa kazi hiyo.

Swali la nne: Je, kifaa kinadumu mikononi mwa mgeni? Swali hili linawahusu hasa mafundi wa simu. Simu inayowekewa programu upya huzimika na kuwaka tena katika hali nyingine, na katika hali hiyo mara nyingi hujitambulisha kwa namba tofauti. Kwa macho ya mwenyeji, hicho ni kifaa kipya ambacho hakuna aliyemwagiza akikabidhi, naye hukizuia. Kazi hukatika katikati, na simu inaweza kubaki imekwama. Dawa ni kuandika kichujio cha pili chenye namba ya hali hiyo ya pili kabla kazi haijaanza.

Kuona, kukabidhi, kuelewa, kudumu. Hakuna kitenzi hata kimoja kati ya hivyo kilichobuniwa na kamati ya istilahi. Vyote vinajulikana na mfugaji wa Kajiado na mwenye duka wa Kitengela. Hata hivyo, vikipangwa kwa utaratibu, vinatenganisha kasoro ambazo neno moja lilizichanganya, na vinampa mteja jibu analoweza kulipima kabla ya kufungua mkoba wake.

Pingamizi

Wapo watakaosema kwamba menyu za programu hizi ziko kwa Kiingereza, hivyo fundi hana budi kukijua Kiingereza. Ni kweli kwamba atayasoma maneno ya menyu kama yalivyo. Lakini kusoma neno la menyu ni jambo moja na kufikiri kuhusu chanzo cha hitilafu ni jambo jingine. Majina ya dawa nyingi ni ya kigeni, ilhali hakuna anayemzuia daktari kumweleza mgonjwa ugonjwa wake kwa Kiswahili.

Wengine watasema kwamba teknolojia hubadilika upesi, na maelezo yakiandikwa leo yatachakaa kesho. Mfano wa kifurushi cha ziada unaonyesha ukweli wa hoja hiyo, lakini unaonyesha pia mpaka wake. Kilichochakaa ni sehemu ya hatua moja. Utaratibu wa kuuliza nani anaona, nani amekabidhi, nani ameelewa na kwa muda gani haukuguswa, nao unafaa kwa programu nyingine za mashine pepe zaidi ya VirtualBox.

Pingamizi la tatu ndilo zito, nalo hutoka ndani ya idara zetu: kwamba hiyo si kazi ya mwanafunzi wa Kiswahili, sembuse wa fasihi. Jibu ni kwamba tofauti kati ya kupitisha na kukabidhi ni suala la maana, na mtu aliyefunzwa kuuliza kile neno linachokificha ana ujuzi ambao fundi peke yake hana. Fundi naye ana ujuzi wa hitilafu ambao mwanafunzi hana. Kila mmoja akibaki kwake, mteja ataendelea kuambiwa "haisomi".

Hitimisho

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 7, inakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi. Kifungu cha 46 kinampa mnunuzi haki ya kupata habari anazohitaji ili anufaike kikamilifu na bidhaa na huduma. Vifungu hivyo viwili vikisomwa pamoja, ni vigumu kuona jinsi haki hiyo itakavyotimia ikiwa habari zenyewe hazijaandikwa kwa lugha ambayo mnunuzi anaielewa.

Yapo mambo ambayo vyama vya wanafunzi wa Kiswahili vinaweza kuyaanza bila kusubiri fedha za mradi. Kila toleo la jarida litenge kurasa mbili za mwongozo wa hitilafu moja, ulioandikwa na mwanafunzi akishirikiana na fundi. Kabla ya kuchapishwa, mwongozo huo upelekwe karakanani, Kitengela au Kajiado au popote chama kilipo, apewe mtu ambaye hajawahi kukutana na hitilafu hiyo. Akikwama, sentensi iliyomkwamisha iandikwe upya. Wahadhiri nao waikubali kazi hiyo kuwa sehemu ya mafunzo ya tafsiri na istilahi, na waitahini kwa kigezo kimoja: je, skana ilifanya kazi?