Nyumbani ni Pale Mwanafunzi Anapofika kwa Miguu



Siku moja, baada ya mkutano wa kikundi, kijana mmoja alituonyesha katika simu yake mchezo wa mpira wa Kimarekani, akatuuliza swali ambalo hatukuweza kulijibu palepale. Alikuwa ameona imeandikwa kwamba Chuo Kikuu cha UCLA, kilicho Los Angeles, kinacheza nyumbani. Lakini alipoangalia ramani alikuta kwamba uwanja wenyewe uko katika mji mwingine, Pasadena, zaidi ya kilomita 40 kutoka chuoni. Akatuuliza: «Mwalimu, hapo ni nyumbani kwa nani?» Swali hilo tumekaa nalo muda mrefu. Leo tunawaletea jibu letu, nanyi mlipime, wala msilipokee kwa sababu tu limetoka kwa wakubwa wenu.

Tuanze na wasioufahamu mchezo huo. Si mpira wa miguu tuuchezao sisi. Mpira wake una umbo kama la yai, hubebwa na kurushwa kwa mikono, na kila upande huwa na wachezaji 11 uwanjani. Nchini Marekani vyuo vikuu vina timu zinazofuatwa na umati ambao pengine huzidi ule wa timu za wachezaji wa kulipwa. Msimu wa kawaida una mechi 12, nyingi zikichezwa Jumamosi, na chuo hupata takriban mechi sita au saba tu za nyumbani kwa mwaka. Siku hizo ni kama sikukuu. Waliohitimu zamani hurudi, wazazi huja, bendi ya wanafunzi hupiga, na mwanafunzi wa mwaka wa kwanza aliyefika juzi tu hujiona kwa mara ya kwanza kuwa ni mwana wa nyumba ile.

Siku ya namna hiyo inapohamishwa na kupelekwa mbali, kuna kitu kinachohama pamoja nayo. Hilo ndilo tunalotaka kulizungumzia.

Tusiwalaumu wakuu wa vyuo kabla ya kuwasikiliza, maana wana sababu. Uwanja mkubwa ni mali ghali sana, na ukijengwa chuoni utatumika kwa mpira siku chache tu kwa mwaka. Mjini tayari kuna uwanja wa timu ya wachezaji wa kulipwa, nao hucheza zaidi siku za Jumapili, hivi kwamba Jumamosi uwanja uko wazi. Kwa nini chuo kijenge wakati kinaweza kukodi? Ndivyo anavyofanya Temple kule Philadelphia, na ndivyo anavyofanya Pittsburgh, ambaye aliuacha uwanja wake wa chuoni mwishoni mwa msimu wa 1999. Chuo Kikuu cha Miami, ambacho makao yake ni Coral Gables, kilicheza katika Orange Bowl kuanzia 1937 hadi 2007, kisha kikahamia uwanja mwingine wa mbali zaidi, ule wa timu ya Dolphins.

Wala tusidanganyane kwamba timu isiyo na uwanja wake chuoni haiwezi kushinda. Miami hiyohiyo ilitwaa ubingwa wa taifa mara tano kati ya 1983 na 2001, ilhali ikicheza nje ya chuo. Kwa hiyo anayesema kwamba uwanja wa mbali huleta kushindwa amekosea. Hoja yetu haihusu ushindi. Tunauliza chuo kinacheza kwa ajili ya nani.

Tazameni habari za Minnesota. Chuo Kikuu cha huko kilikuwa na Memorial Stadium, uwanja uliofunguliwa mwaka 1924 kwa kumbukumbu ya vita vya kwanza vya dunia. Mwaka 1982 timu iliuacha, ikahamia Metrodome katikati ya jiji la Minneapolis. Wengi waliona kuwa hayo ni maendeleo, kwa kuwa uwanja mpya ulikuwa na paa, na baridi ya Minnesota ni kali. Lakini Metrodome ulikuwa pia wa timu ya Vikings na wa timu ya besiboli ya Twins. Chuo kikawa mpangaji mmoja kati ya wapangaji watatu. Uwanja wa zamani ukabomolewa mwaka 1992. Hata hivyo, baada ya misimu 27, chuo kilirudi. Mwezi wa Septemba 2009 kilifungua uwanja mpya katika eneo lake lenyewe, usio na paa, chini ya baridi ileile waliyoikimbia. Waliolipa gharama hiyo kubwa hawakuwa wajinga. Walikuwa wameonja maisha ya kupanga, wakatambua walichopoteza.

Tulane wa New Orleans naye alipita njia hiyohiyo. Uwanja wake wa chuoni ulikuwa na nafasi za watu zaidi ya 80,000, lakini mwaka 1975 timu ilihamia Superdome, na ule wa zamani ukabomolewa. Kwa karibu miaka 40 ilicheza katika jumba lile kubwa la mjini, na mwaka 1998 haikushindwa hata mechi moja. Lakini katika miaka mingine mingi watazamaji wachache walionekana kama wamepotea kati ya viti vingi vitupu. Mwaka 2014 Tulane alirudi chuoni, katika uwanja mdogo wa watu wapatao 30,000. Mwezi wa Desemba 2022 uwanja huo mdogo ulipokea mechi ya ubingwa wa ligi yao, Tulane akashinda, na wanafunzi wakarudi mabwenini kwa miguu. Wahenga walisema: mwenda kwao si mtumwa.

Aliyekodi, hata akikaa miaka mingi, amefungwa na mkataba. Tuirudie UCLA, iliyotuletea swali. Ilianza kucheza katika Rose Bowl mwaka 1982, na siku za mechi wanafunzi hupelekwa huko kwa mabasi. Mwaka 2025 ilipojulikana kwamba chuo kinafikiria kuhamia uwanja mwingine wa kukodi, ulioko Inglewood, mji wa Pasadena ulikwenda mahakamani kudai kwamba mkataba unaoendelea hadi 2044 uheshimiwe. Hatumo katika kesi hiyo, wala hatusemi nani ana haki. Tunaona jambo moja tu: katika mabishano yale, sauti zilizosikika zaidi ni za wenye viwanja, za mikataba na za mapato. Mwanafunzi anayepanda basi alfajiri alitajwa kidogo sana.

Basi je, kila mechi ichezwe chuoni, pasipo ubaguzi? Hapana. Kuna viwanja huru, yaani visivyo vya upande wowote, ambavyo vimekuwa nyumbani kwa sababu ya desturi na haki. Texas na Oklahoma hukutana kila mwaka mjini Dallas tangu 1929, wakati wa maonyesho makubwa ya jimbo. Dallas uko karibu katikati ya safari kati ya vyuo hivyo viwili. Tiketi hugawanywa nusu kwa nusu, hata uwanja wenyewe huonekana umekatwa katikati, upande huu rangi ya chungwa na upande ule nyekundu. Florida na Georgia nao wamekutana mjini Jacksonville tangu 1933, isipokuwa miaka michache ambapo uwanja ulikuwa ukijengwa upya. Hapo hakuna aliyenyang'anywa nyumba yake. Wote wawili wamesafiri, na wote wawili wamegawana.

Lakini angalieni, si kila kinachoitwa huru ni huru kweli. Kwa miaka 40 na zaidi, kuanzia 1948, Alabama na Auburn walikutana katika uwanja wa Legion Field mjini Birmingham, na watu wakasema kwamba huko ni mahali pa wote. Lakini Alabama ilikuwa ikicheza huko mechi zake nyingi nyingine za nyumbani. Mwenyeji alikuwa anajulikana. Ila haikuwa adabu kumtaja. Auburn walidai haki yao muda mrefu, hata tarehe 2 Desemba 1989 Alabama ikaja kucheza chuoni kwao kwa mara ya kwanza. Alabama haikuwa imeshindwa msimu ule. Auburn wakashinda 30 kwa 20. Wazee wengi wa Auburn hulikumbuka zaidi lile la wageni kufika kuliko hesabu ya pointi. Waliona kwamba mwenzao sasa anakubali kuwa wao pia wana kwao.

Sasa tufike mahali panapotugusa sisi Wakatoliki zaidi. Chuo Kikuu cha Notre Dame kilianzishwa mwaka 1842 na Padri Edward Sorin, wa Shirika la Msalaba Mtakatifu. Mwaka 1929, wakati uwanja wake mpya ulipokuwa ukijengwa, timu yake haikucheza hata mechi moja chuoni. Ilitangatanga msimu mzima, na baadhi ya mechi zake za nyumbani zilichezwa Soldier Field mjini Chicago. Ilishinda mechi zote tisa, ikawa bingwa wa taifa. Huo ulikuwa uhamisho wa lazima. Walitoka ili wajenge, na mwaka 1930 wakaingia katika uwanja wanaoutumia hata leo.

Tangu 2009 kuna uhamisho wa namna nyingine. Katika miaka mingi tangu hapo, Notre Dame imechukua mechi moja ya nyumbani na kuipeleka mbali: San Antonio, New York, Boston, hata Las Vegas. Kwa mahesabu bado ni mechi ya nyumbani. Wenye mpango huo wana maneno ya haki. Wakatoliki wanaokipenda chuo hicho wametawanyika nchi nzima, na wengi hawana uwezo wa kusafiri hadi Indiana. Basi chuo huwaendea wao. Hoja hiyo tunaiheshimu. Baba akiwatembelea watoto wake walioolewa mbali, hatusemi kwamba ameikimbia nyumba.

Hata hivyo tunauliza: je, anayetembelewa ni mnyonge asiyeweza kusafiri, au ni mji wenye hoteli nyingi na viti vya bei kubwa? Na yule mwanafunzi aliyebaki bwenini Jumamosi ile, ambaye hana nauli ya ndege ya zaidi ya kilomita 1,500, ameambiwa nini? Ameambiwa kwamba leo timu yake iko nyumbani, ila yeye hayupo. Maneno hayo hayapatani. Kwa maoni yetu, mechi moja ya namna hiyo kwa mwaka inavumilika. Lakini isiitwe ukarimu kabla ya kuhesabu ni nani aliyeachwa nje.

Wapo watakaotujibu kwamba kujenga chuoni nako kuna mnyonge wake, kwa maana deni la uwanja huweza kuingia katika ada za wanafunzi, hata wa wale wasiopenda mpira. Ni kweli. Ndiyo sababu hatusemi kwamba kila chuo kijenge jumba kubwa. Tulane ameonyesha kwamba uwanja mdogo unatosha. Nyumba haipimwi kwa ukubwa wake.

Wengine watatukumbusha Afrika yetu. Timu kadhaa za taifa zimelazimika kucheza mechi za nyumbani katika nchi nyingine, kwa kuwa viwanja vyao havikutimiza masharti ya CAF. Hao hatuwahesabu pamoja na wale wa Marekani. Aliyehamishwa na ukosefu anastahili kuhurumiwa na kusaidiwa ajenge. Aliyehama kwa hiari, akiwa na nyumba yake nzima, ndiye anayepaswa kujieleza.

Kwa hiyo, kijana uliyetuuliza, jibu letu ni hili. Nyumbani ni pale ambapo mdogo kuliko wote katika jamii ile anaweza kufika bila kuomba nauli. Timu ikitoka hapo, iulizwe maswali matatu: nani aliamua, nani sasa hawezi kufika, na faida imekwenda kwa nani? Majibu yakiwa ya haki, kama kule Dallas, na iende kwa amani. Majibu yakiwa ya aibu, irudi, hata kama imekaa nje miaka 40.

Nanyi pia, mnapopanga mashindano kati ya parokia, huja yule anayetoa uwanja mzuri wa mbali, wenye nyasi na viti, ambao picha zake zitapendeza. Kabla ya kukubali, mtazameni yule mdogo wa kikundi anayekuja kwa miguu kila Jumamosi, na mumwulize kama siku hiyo atafika.