"ASK" SI "DEMAND": KIINGEREZA CHETU KIPITE KWANZA KATIKA KISWAHILI

Ndugu wanafunzi wa kalasi zote, na zaidi ninyi wadogo zetu munaoanza Kiingereza mwaka huu,

Safari hii sisi viongozi wa wanafunzi hatuandiki juu ya kuchelewa, wala juu ya mafagio ya kalasi. Tunaandika juu ya neno moja la Kiingereza, neno la herufi tatu tu: ask. Mutasema, "Ah, hilo tunalijua tangu mwaka wa kwanza." Ndiyo, munalijua katika kaye. Lakini kinywani munalikimbia, na mahali pake munaweka demand. Uani tunasikia kila siku: "I demand you a pen." "I demand to the teacher." "My mother demands where you go." Maoni yetu ni haya: kosa hilo si dogo, linaweza kumletea mutu hasara, na dawa yake tuko nayo tangu utoto. Dawa hiyo ni Kiswahili.

Kosa linatoka wapi? Kila mutu anajua. Masomo yetu yote ni kwa Kifaransa, na Kifaransa kina neno demander, ambalo linabeba mizigo miwili pamoja: kuuliza na kuomba. Basi mwanafunzi anaona neno la Kiingereza lenye sura ileile, anafurahi, anasema, "Huyu ni ndugu yake." Kweli ni ndugu, lakini hawakulelewa nyumba moja. Mufano mwingine ni jina la kazi yetu sisi wenyewe. Kwetu Kongo préfet ni mkubwa wa shule ya sekondari, mwenye biro na muhuri. Kwa Waingereza prefect ni mwanafunzi kama sisi, anayesimamia wenzake. Mtoto akimwambia mgeni "My father is a prefect", mgeni atashangaa kusikia kwamba baba wa watu bado anavaa uniforme.

Historia inaeleza jambo hili vizuri. Mwaka 1066 William wa Normandy alishinda Uingereza, na kwa muda mrefu Kifaransa kikawa lugha ya wakubwa na ya mahakama kule. Ni mwaka 1362 ndipo ilipotoka sheria kwamba kesi zisemwe kwa Kiingereza. Mahakamani, demander ilikuwa kazi ya mutu anayesimama mbele ya hakimu na kusema: ile shamba ni yangu, inirudie. Lakini mwanakijiji nyumbani kwake, akitaka chumvi kwa jirani au akitaka kujua njia, aliendelea na ask, neno la mababu zake. Ndiyo sababu hata leo ask ni neno la nyumbani, na demand imebaki na harufu ya mahakama.

Sasa tazameni Kiswahili chetu. Sisi tuko na vitenzi vitatu, na kila kimoja kinajua kazi yake: kuuliza, kuomba, kudai. Mtoto wa miaka minne kule Kalundu havichanganyi. Anauliza habari, anaomba maji, anadai ndizi yake ambayo kaka yake amemunyang'anya. Kiingereza kinafanya karibu vilevile: ask ni kuuliza, ask for ni kuomba, demand ni kudai. Anayetafsiri kutoka Kifaransa anaanguka. Anayepita kwanza katika Kiswahili anavuka salama. Tujaribu pamoja.

Kwanza, ask ni kuuliza. "Muulize mwalimu" ni "Ask the teacher." Angalieni: hatusemi "uliza kwa mwalimu". Mwalimu anafuata kitenzi moja kwa moja, na Kiingereza ni hivyohivyo. Ni Kifaransa kinachoweka à katikati, na hiyo à ndiyo munayoigeuza kuwa to. "Ask to the teacher" haiko! Tena sisi tunasema "kuuliza swali", nao wanasema "ask a question". Mwanafunzi anayefikiri kwa Kifaransa anatafuta neno la poser, halafu anatoa "I pose you a question", na kalasi yote inacheka. Angesikiliza Kiswahili chake, angepata jibu bila kamusi.

Pili, ask for ni kuomba. Kale kaneno for ni kadogo lakini kanabeba maana yote. Kule hospitali, "Ask the nurse" maana yake "muulize muuguzi." "Ask for the nurse" maana yake "omba waite muuguzi." Mgonjwa wako akizidiwa usiku, munaona vema ni lipi la kusema. Vilevile "She asked me for water" ni "aliniomba maji." Ukiondoa for na kusema "She asked me water", Mwingereza atakuelewa kwa huruma tu. Kuna maneno machache yanayopita bila for, nayo tuyashike kwa kichwa: ask permission, kuomba ruhusa, ask a favour, kuomba mtu akufanyie wema.

Tatu, kumwomba mtu afanye jambo. "Mama aliniomba ninunue ndagala" ni "My mother asked me to buy ndagala." Hapa to ina haki yake, kwa sababu inatangulia kitendo. Lakini mbele ya mtu haina nafasi.

Nne, hapa tuwe waangalifu, kwa maana Kiswahili hakitoi onyo. Sisi tunasema "Anakaa wapi?" na tunasema "Muulize anakaa wapi", maneno hayageuki. Kiingereza kinageuka. Swali likisimama peke yake ni "Where does he live?" Likiingia nyuma ya ask linanyooka: "Ask him where he lives." Walio wengi wanaandika "Ask him where does he live" na wanapoteza alama bure.

Tano, mukiwa dukani au mbele ya mwenzenu, "naomba biki" musiitafsiri neno kwa neno. Waingereza hawasemi "I ask for a pen" wakinyoosha mkono. Wanasema "Can I have a pen, please?" Ask for wanaitumia zaidi wakisimulia ombi: "He asked for a pen and I gave him mine." Na ule msemo wetu wa kila siku, "nakudai falanga elfu mbili", si "I demand you two thousand francs." Ni "You owe me two thousand francs." Ukitaka demand, useme unadai kitu gani: "I demand my money."

Wengine watatuuliza: hayo yote ya nini? Sisi ni watu wa Kifaransa, na mtihani wa Serikali tutaufanya kwa Kifaransa. Wasemao hivyo wapande kidogo kwenye mlima nyuma ya mji wetu na kutazama ziwa. Tanganyika iko na nchi nne. Zambia kule kusini, kwenye bandari ya Mpulungu, lugha ya Serikali ni Kiingereza. Tanzania, kuanzia Kigoma, sekondari zao zinafundisha kwa Kiingereza. Burundi, ambayo tunaifikia kwa kupita Kavimvira, iliweka Kiingereza kati ya lugha zake rasmi mwaka 2014. Nchi yetu yenyewe iliingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, na mkataba wa Jumuiya hiyo, uliotiwa saini Arusha mwaka 1999, uliandika Kiingereza kuwa lugha rasmi. Kwa hiyo hata asiyekipenda atakutana nacho, sokoni, mpakani au katika karatasi.

Na katika karatasi ndimo hatari ilimo. Ni nani kati yetu asiye na jamaa katika kambi ya Nyarugusu kule Kasulu, iliyofunguliwa mwaka 1996, au jamaa aliyetoka huko na kupelekwa Marekani au Canada? Watu hao wanaandika barua na kujaza fomu. Na nyumbani, nani anaitwa kuandika? Ni mwanafunzi, maana "yeye amesoma". Anafikiria neno la Kifaransa, demandeur d'asile, na kalamu inaandika: "I demand asylum." Ofisa anayesoma hasikii mtu anayeomba kwa adabu. Anasikia mtu anayepiga meza. Kwa Kiingereza mtu huyo anaitwa asylum seeker, maana yake mtafuta hifadhi, na anaandika "I ask for asylum" au "I am applying for asylum."

Vilevile kwa misaada. Maji ya mto Mulongwe yalipofurika Aprili 2020, yakaua watu na kubomoa nyumba nyingi katika mji wetu, watu walihitaji hema, chakula na dawa. Taabu ya namna hiyo ikija, mara nyingi inaleta na wageni wasiojua Kifaransa wala Kiswahili. Mama wa watu akisimama mbele yao na mtoto mgongoni, halafu mwanafunzi anayemtafsiria aseme "She demands a tent", amemfanya mama mwenye adabu kuwa mama mkali. Na kijana anayeandika kwa chuo, "I demand a scholarship", barua yake inaweza kuwekwa kando kabla ya kusomwa mstari wa pili. Hawatamwambia sababu. Atangoja jibu mpaka achoke.

Mwenzetu mmoja hodari atatupinga kwa Biblia. Fungueni Mathayo 7, mstari wa 7, katika Biblia tatu. Kwa Kiswahili kitenzi ni kuomba, kwa Kifaransa cha Louis Segond ni demander, kwa Kiingereza ni ask. Hapo anakubaliana nasi. Lakini atasema: mbona katika Biblia ya King James ya mwaka 1611, Luka 3 mstari wa 14, askari wanapomuuliza Yohana Mbatizaji watende nini, neno liko demanded? Ni kweli, liko. Mwaka 1611 maana ya zamani, ya kuuliza tu, ilikuwa bado hai katika Kiingereza. Biblia mpya za Kiingereza pale zimeweka asked. Lugha inatembea, na sisi tujifunze ile inayosemwa leo. Hata Kiswahili cha wazee si chote tunachosema sokoni.

Sasa tusieleweke vibaya. Hatusemi demand ni neno baya. Ni neno la haki. Mvuvi wa Makobola aliyetoa mukeke wake kwa deni, na siku ya kulipa imepita, haombi falanga zake. Anazidai. Mwalimu aliyemaliza mwezi wa kazi haombi mshahara kama zawadi. Mwanafunzi aliyelipa yote na kufanya mtihani, bulletin yake ikizuiliwa, anaweza kuidai, kwa heshima lakini kwa kusimama wima. Hapo ask ingekuwa unyonge. Kumbe ubaya wa kulimwaga demand kila mahali ni kwamba siku tutakapolihitaji kweli, litakuwa limekwisha nguvu. Anayedai biki asubuhi, chaki saa nne na chumvi jioni, nani atamusikiliza akidai haki yake?

Kwa hiyo, ndugu, kabla ya kufungua kinywa ujiulize kwa Kiswahili: mimi hapa nauliza, naomba, ao nadai? Ukijibu hilo, Kiingereza kitafuata chenyewe. Wala musione haya kwamba dawa inatoka kwa lugha ya sokoni. Katiba yetu ya mwaka 2006 inakihesabu Kiswahili kati ya lugha nne za taifa, na kwa jambo hili kimekuwa mwalimu mzuri kuliko kamusi.

Tunaweka kazi. Kila kalasi iandike sentensi tano: mbili za ask, mbili za ask for, na moja ya demand, yenye haki ya kweli ndani yake. Sentensi ziwe za maisha yetu, za ziwa, za soko, za nyumbani, si zile za "Mr. Brown" wa kitabu. Mutupatie siku ya Ijumaa kabla ya kengele ya mwisho, na zile nzuri tutazibandika mlangoni. Anayeona tumekosea katika maoni haya, ajibu hapahapa kwa maandishi. Tunamwomba. Hatumdai.

Ni sisi viongozi wa wanafunzi, mwaka wa mwisho.