MTOTO ASIACHE SWALI LA MAGEUKO



Ndugu yangu katika imani, mzazi mmoja wa hapa Tukuyu aliniambia kwa fahari kwamba amemkataza kijana wake wa kidato cha nne kujibu swali lolote la mageuko kwenye Baiolojia. "Sheikh, mwanangu hawezi kuandika kwamba katokana na nyani!"

Nikamuuliza: umelisoma somo lenyewe? Akanyamaza.

Somo halisemi kwamba nyani huyu anayekula mahindi yetu alimzaa mtu. Linasema mtu na nyani wana asili moja ya zamani sana. Sisi tunaamini Allah (S.W.) alimuumba Nabii Adam (A.S.) kwa udongo, bila baba wala mama, rejea Surat Aal Imran, aya ya 59. Hapo hatuyumbi. Lakini Surat Al-Maida, aya ya 8, inatuonya chuki isitutoe kwenye uadilifu. Kumpinga mtu kwa neno ambalo hakulisema, huo ni uadilifu?

Tazama mlima wetu huu wa Rungwe. Mwaka 2003 watafiti walimwona kipunji msituni. Wazee wa Kinyakyusa walikuwa wakimjua kwa jina hilo siku nyingi. Mwaka 2005 wakamtangaza duniani, wakamweka kundi moja na kima wengine. Mwaka 2006, baada ya kupima vinasaba, wakakuta yuko karibu zaidi na nyani. Wakamtoa kwenye kundi lile, wakampa jina jipya lenye Rungwe ndani yake.

Umeona? Elimu ya wanadamu hupima, hukosea, hujirekebisha. Haiabudiwi, wala haikimbiwi. Na Surat Al-Ankabut, aya ya 20, inatuamrisha tutembee ardhini tutazame jinsi Allah alivyoanzisha uumbaji.

Mzazi, mtihani haumuulizi mwanao shahada yake. Unamuuliza alichofundishwa. Aandike, "Kwa mujibu wa nadharia ya mageuko...", apate alama zake. Jioni akirudi na maswali, akae na wewe, akae na ustadhi wake. Ustadhi, usimchape kwa kuuliza! Ukimfukuza, atakwenda kuuliza kwenye simu.

Leo tunawaambia watoto waache Baiolojia. Kesho wake zetu wakipelekwa kujifungua, tunazunguka wodini kumtafuta daktari wa kike Muislamu. Atatoka wapi?

Yaa Allah, tuzidishie elimu yenye manufaa, na utuhifadhie imani za watoto wetu. Aamiin.

Wallahu a'lam. Mfikishie na mzazi mwenzako.