Tuwakumbuke kwa Vitendo
Kila tarehe 19 Agosti dunia huwakumbuka watu waliokufa wakiwasaidia wenzao. Mimi humkumbuka Daktari Matthew Lukwiya wa Hospitali ya Lacor, Gulu, nchini Uganda.

Mwaka 2000 Ebola iliingia Gulu. Ugonjwa huu huambukizwa kwa damu ya mgonjwa. Wauguzi walikufa. Waliobaki waliogopa, nami siwalaumu. Daktari hakuondoka. Usiku mmoja alimsaidia muuguzi mgonjwa aliyekuwa akitoka damu. Alivaa glavu na barakoa, lakini macho yake yalikuwa wazi. Alikufa tarehe 5 Desemba.

Kuweka maua kaburini ni vizuri. Lakini wauguzi walio hai wanahitaji vifaa. Katika mkutano wa kijiji tuulize: zahanati yetu ina glavu ngapi?