Mchoro wa Tiba Uandikwe, Usibandikwe

Mwaka 2014 Shirika la Afya Duniani lilitoa uainishaji mpya wa nimonia kwa watoto wenye umri wa miezi 2 hadi miaka 5. Kabla ya hapo, mtoto mwenye kikohozi ambaye kifua chake kilibonyea ndani alipovuta pumzi alihesabiwa kuwa na nimonia kali, akapewa rufaa kwa ajili ya dawa za sindano. Kwa uainishaji huo mpya, mtoto wa namna hiyo, ikiwa hana dalili za hatari wala maambukizi ya VVU, ana nimonia inayoweza kutibiwa nyumbani kwa amoksilini ya kunywa. Katika maandishi, badiliko hili ni aya kadhaa za hoja na ushahidi. Katika mchoro wa maamuzi ni mshale mmoja uliotoka kisanduku kimoja ukaelekea kingine.

Na mshale huo ndio unaosomwa. Tabibu wa zahanati mwenye foleni ya akina mama na watoto tangu alfajiri hana nafasi ya kupitia aya. Hutazama chati, hufuata mishale, huandika dawa. Maandishi yakirekebishwa na mchoro ukabaki wa zamani, mwongozo huwa na kauli mbili, na itakayotekelezwa ni ile ya mchoro. Mtoto wa kutibiwa nyumbani atasafirishwa bure, na familia itauza kuku au mbuzi kupata nauli. Kosa likielekea upande wa pili, mtoto wa kupewa rufaa atarudishwa nyumbani.

Mchoro hubaki nyuma kwa sababu ya namna unavyotengenezwa. Kwa kawaida mtu mmoja huuchora katika kompyuta yake, huuhifadhi kama picha, kisha huubandika ndani ya waraka. Miaka mitatu baadaye mtu huyo amehamishwa kituo, faili la asili halijulikani lilipo, na mhariri mpya ana picha tupu mbele yake, asiyoweza kubadili hata herufi moja. Atauchora upya wote, au ataongeza maneno chini yake ya kumwelekeza msomaji kwenye aya fulani, au, kama ilivyo kawaida, atauacha.

Wanaoandika miongozo ya programu za kompyuta walikutana na tatizo hili zamani, na dawa yao yafaa kuazimwa. Graphviz, programu huria iliyoanzia katika maabara za AT&T nchini Marekani mwanzoni mwa miaka ya 1990, huchora kutokana na maelezo yaliyoandikwa kwa lugha fupi iitwayo DOT. Mwandishi hapangi visanduku kwa mkono. Hutaja tu kipi kinaelekea kipi:

kifua_kubonyea -> nimonia

Kazi ya kupanga, kupima nafasi na kuchora mishale huachiwa programu. Zana zinazozalisha kurasa za nyaraka, kama Doxygen na Sphinx, huruhusu mistari ya namna hii iwekwe katikati ya matini yenyewe, na kila kurasa zinapozalishwa upya mchoro nao huchorwa upya. Aya na mchoro hukaa katika faili moja. Anayerekebisha aya anaona mistari ya mchoro chini ya macho yake.

Faida kubwa zaidi iko kwa wale wanaoidhinisha. Picha ikibadilishwa, mfumo wa kutunza matoleo kama Git huweza kusema tu kwamba faili la jana si la leo. Mchoro ulioandikwa ukibadilishwa, mfumo huohuo huonyesha mstari ulioondolewa, mstari ulioingia, jina la aliyeubadili na tarehe. Daktari bingwa wa watoto anayeketi katika kamati ya mwongozo haitaji kukodolea macho picha mbili akitafuta tofauti. Anaulizwa swali la kitabibu hasa: je, mshale huu uelekee hapa? Mfasiri naye hunufaika. Matini ikishafasiriwa kwa Kiswahili, maneno ya ndani ya visanduku hufasiriwa papo hapo na visanduku hujirefusha vyenyewe. Ni aibu iliyozoeleka kukuta kitabu cha Kiswahili ambacho chati zake, yaani sehemu inayosomwa zaidi, zimebaki kwa Kiingereza.

Wapo wanaosema kwamba michoro hii haipendezi, na wana haki kwa kiasi fulani. Mishale ikizidi, programu huikatisha ovyo, na mchoraji stadi angeipanga vizuri zaidi. Lakini chati ya maamuzi ambayo programu inashindwa kuipanga mara nyingi ni chati ambayo tabibu pia anashindwa kuifuata, na dawa yake ni kuigawa. Hoja kwamba madaktari hawawezi kujifunza lugha ya kompyuta haina uzito kwa watu waliokariri mishipa yote ya mkono.

Hatari zilizo za kweli ni nyingine, nazo hazitajwi sana. Katika DOT, jina lililokosewa herufi moja halihesabiwi kuwa kosa. Programu huunda kisanduku kipya kimyakimya, na mshale wa rufaa huishia mahali pasipo na maelekezo yoyote. Tena, Sphinx isipoikuta Graphviz katika kompyuta hutoa onyo tu na kuendelea kuzalisha kurasa, zikiwa hazina mchoro. Mwongozo wa tiba haupaswi kuvumilia jambo hilo: zana ipangiwe kuhesabu kila onyo kuwa kosa na kusimama, na kila mchoro uliochorwa utazamwe na mtu anayejua ugonjwa kabla haujatolewa. Programu inajua kuchora mshale. Haijui kama pumzi 50 kwa dakika ni nyingi kwa mtoto wa miezi sita.

Kuna pia msomaji asiyeona, anayesomewa ukurasa na kompyuta. Picha iliyobandikwa bila maelezo humpita kama haipo. Sphinx, isipopewa maelezo mbadala, huweka mistari ya DOT yenyewe mahali pake. Ni afadhali kuliko ukimya, ila kusikiliza vistari na alama si kusoma. Sentensi tatu za kueleza mkondo wa maamuzi ziandikwe pamoja na mchoro na mtu yuleyule.

Njia hii haifai kwa kila kitu. Mchoro wa moyo na mishipa yake au chati ya umeme wa moyo vibaki picha. Lakini palipo na visanduku na mishale, na miongozo ya malaria, kifua kikuu na uzazi imejaa vitu hivyo, hakuna sababu ya kuendelea kubandika. Tarehe ya toleo nayo iandikwe ndani ya mistari ya mchoro wenyewe, ili ichapwe pamoja nao. Chati ikishagundishwa ukutani mwa chumba cha uchunguzi, hiyo ndiyo alama pekee itakayomwambia tabibu kwamba mshale anaoufuata ni wa kabla ya 2014.